Kapeti la kubandika kwa gundi nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa karibu kila wiki, mengine kwa simu, mengine nikiwa tayari nimepiga magoti sebuleni kwa mtu na kisu mkononi. Nafanya kazi hii Dar es Salaam, kwa hiyo mifano mingi ni ya huku kwetu. Sehemu ya sakafu ni ndefu kuliko nyingine zote, na nimeiacha hivyo kwa makusudi: karibu kila kapeti nililoitwa kulibandua lilikuwa zima, sakafu ndiyo iliyokuwa na kasoro.

## Kabla hujanunua

Kapeti la kubandika lina tofauti gani na zulia la kutandika?

Zulia la kutandika ni kipande kilichokamilika: kingo zimeshonwa, unalikunja Jumamosi, unalipiga vumbi nje na kulirudisha. Kapeti la kubandika linakatwa kutoka kwenye robota kufuata chumba chako, ukuta hadi ukuta, na mgongo wake wote unashikwa na gundi. Halikunjwi wala halihamishwi. Ukiwa bado huna uhakika na rangi, au unategemea kuhama mwakani, chukua zulia.

Ndugu yangu aliyeko Uingereza anasema kwao hawapaki gundi. Ni kweli?

Nyumba nyingi za kule kapeti huvutwa na kunasishwa kwenye vibanzi vya mbao vyenye ncha za misumari kuzunguka chumba, na chini yake kuna tandiko laini. Linakuwa jororo zaidi mguuni. Hapa kwetu sakafu ni saruji ngumu, vibanzi hivyo havipatikani kila duka, na mafundi wanaojua kulivuta kapeti sawasawa ni wachache. Gundi inamfaa mtu anayetaka kufanya kazi mwenyewe. Pia kapeti lililobandikwa halitambai wala halijikunji pale linapokanyagwa sana, kama koridoni.

Pwani kuna joto na unyevu. Kapeti linafaa kweli?

Nitakujibu kama ningemjibu dada yangu: Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, bandika chumbani na uache sebule ya chini na vigae vyake. Hewa ya pwani imejaa unyevu, na wadudu wadogo wa vumbi wanaochokoza pumu hustawi kwenye hewa ya namna hiyo. Nyumba yenye mgonjwa wa pumu, mimi silibandiki kapeti bila kwanza kumweleza mwenyewe hilo.

Mbeya, Njombe, Arusha, Limuru au Nairobi wakati wa Julai ni habari nyingine. Sakafu ya saruji asubuhi ni barafu, na kapeti hapo ni hitaji.

Ninunue kapeti la aina gani?

Angalia nyuzi, kisha geuza uangalie mgongo. Wanunuzi wengi huishia kwenye nyuzi.

Nyuzi za polipropilini ndizo za bei nafuu. Hazinywi maji na hazichuji rangi kwa urahisi, lakini hulala mapema pale miguu inapopita. Nailoni hurudi juu baada ya kukanyagwa, ndiyo maana inafaa koridoni na ngazini. Sufu ni nzuri na ghali, na kwa unyevu wa pwani siishauri.

Mgongo ndio unaokutana na gundi. Mgongo bapa wa mpira au wa kitambaa kilichoshindiliwa hubandikika vizuri. Mgongo wa katani una mikwaruzo mingi hivyo unakula gundi zaidi, na mchwa wanaupenda mno. Mgongo wa sponji laini unabandikika, lakini siku ya kuubandua sponji yote itabaki sakafuni.

Mkeka wa mbao nao ni kapeti?

Huo wanaouita Kenya mkeka wa mbao ni plastiki iliyochapwa sura ya mbao. Maandalizi ya sakafu ni yale yale, tena makali zaidi, kwa sababu plastiki haipitishi pumzi hata kidogo na kila punje ya mchanga chini yake itaonekana juu. Majibu ya gundi na ya kuunga hapa chini ni ya kapeti la nyuzi, usiyahamishie huko.

Nipime chumba vipi?

Pima urefu na upana mara tatu kila mmoja: mwanzo, katikati, mwisho. Kuta zetu ni nadra kuwa sambamba kabisa. Chukua kipimo kikubwa kuliko vyote, uongeze sentimita 10. Mlango ukiwa na kina, pima hadi katikati ya kizingiti.

Kisha ulizia upana wa robota. Upana wa mita 4 ni wa kawaida, na huo ndio unaoamua gharama. Chumba cha futi 10 kwa 10 ni mita 3.05 kila upande, yaani mita za mraba 9.3. Utakata urefu wa mita 3.15 kwenye robota la mita 4, kwa hiyo utalipia mita za mraba 12.6. Usisikitike: unabaki na ukanda wa sentimita 85 unaotosha korido fupi, na kipande cha akiba cha kuzibia siku kapeti likiungua pasi.

Chumba cha futi 15 kwa 15 ni mita 4.57, na hapo hakuna ujanja, lazima uunge. Panga kiungo kiwe chini ya kitanda au kabati. Usikiweke mlangoni.

## Sakafu

Nyumba ni mpya. Nisubiri muda gani baada ya sakafu kumwagwa?

Mtu husikia siku 28 akadhani sakafu imekauka. Siku 28 ni za zege kupata nguvu. Kukauka ni jambo jingine na kunachukua muda mrefu zaidi. Makadirio ya mafundi wengi duniani ni siku moja kwa kila milimita ya unene, hadi milimita 50, na hapo hewa iwe inapita vizuri. Tabaka la juu la sakafu lenye unene wa milimita 50 linahitaji kama miezi miwili. Jamvi, yaani zege la chini la sakafu, likiwa nene milimita 100 linaweza kutaka miezi minne au zaidi. Ikiwa ni masika, ongeza.

Kigamboni niliwahi kubandika kapeti la bluu kwenye sakafu yenye wiki tatu. Mwenye nyumba alikuwa na harusi, mimi nilikuwa na hamu ya kazi, na sakafu kwa juu ilikuwa nyeupe, kavu kwa macho. Ulipoingia mwezi wa pili tangu nilibandike, akanipigia kuniambia chumba kinanuka kama gunia lililolowa. Nilipoinua kona, gundi ilikuwa imerudi kuwa uji mweupe, ikivutika kwa kidole. Unyevu ulipanda kutoka chini ukakosa pa kutokea, na chokaa ya saruji iliyokuja nao ikaila gundi. Nililipa kapeti la pili kutoka mfukoni. Tangu hapo sifungui ndoo ya gundi kabla sijafanya kipimo kinachofuata.

Nitajuaje kama sakafu ina unyevu?

Kata kipande cha nailoni nzito, inayopitisha mwanga, sentimita 45 kwa 45. Kitandaze sakafuni na ukizibe pande zote nne kwa tepu pana, pasibaki tundu la hewa. Kiache saa 16 au zaidi. Mimi hukiacha hadi kesho yake saa ile ile. Usikiweke panapopigwa na jua.

Ukirudi, inama uangalie kabla hujakibandua. Matone chini ya nailoni, hata yawe madogo kama jasho la puani, ni maji. Kisha bandua uangalie saruji: mraba ulioiva rangi kuliko sakafu ya pembeni nao ni maji. Rudia sehemu tatu: katikati ya chumba, kona isiyopata jua, na kando ya ukuta wa bafu. Huo wa bafu ndio unaoniumbua mara nyingi.

Kipimo hiki kinakupa ndiyo au hapana tu. Ukipata mtu mwenye mashine ya kupima unyevu wa hewa kwenye sakafu, kiwango cha kulenga ni asilimia 75 kushuka chini.

Kipimo kimeonyesha maji. Nifanye nini?

Tafuta yanakotoka kwanza. Sakafu mpya: subiri, fungua madirisha, pima tena baada ya wiki mbili. Ukuta wa bafu: rekebisha bomba au viungo vya vigae kabla ya jambo lolote. Nyumba ya zamani ambayo chini ya jamvi haikuwekwa nailoni: maji yanapanda kutoka ardhini na hayataisha kwa kusubiri. Hapo kuna rangi maalumu za kuzuia unyevu zinazopakwa juu ya sakafu, lakini zina gharama na zinahitaji mkono uliozoea. Kama bajeti haifiki, tandika zulia linaloweza kuinuliwa na kuanikwa, uendelee na maisha.

Usikubali kuambiwa kwamba gundi nyingi itazuia maji. Haizuii.

Sakafu yangu ni ya niru, inang'aa. Gundi itashika?

Itashika juu juu, kisha itabanduka kama gamba. Niru, yaani saruji tupu iliyosuguliwa hadi kung'aa, ni laini na mara nyingi imepakwa nta miaka nenda rudi. Osha kwa maji ya moto na sabuni kuondoa nta, suuza, acha ikauke kabisa, kisha ikwaruze kwa brashi ya waya au msasa mgumu hadi mng'ao upotee. Mwaga tone la maji: likinywewa, gundi nayo itanywewa. Likisimama kama shanga, endelea kukwaruza.

Naweza kubandika juu ya vigae?

Unaweza, iwapo vigae vyote vimeshika. Gonga kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo, chenye sauti ya debe tupu king'olewe. Kwaruza mng'ao kama ilivyoelezwa kwenye niru na ujaze mifereji kati ya vigae, la sivyo baada ya miezi michache utaiona ikijichora juu ya kapeti. Kwa kusema kweli, kigae kizima ni sakafu nzuri, na kukifunika kwa gundi ni uamuzi mgumu kuurudisha nyuma.

Nyufa na mashimo?

Jaza kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga laini, au unga maalumu wa kusawazishia. Acha ukauke, piga msasa, fagia, kisha fagia tena. Weka pimamaji au ubao mnyoofu sakafuni. Panapopita sarafu chini yake, bado hujamaliza.

## Gundi

Nitumie gundi gani?

Kwa nyumbani, gundi ya akriliki ya maji, iliyoandikwa kwenye ndoo kuwa ni ya kapeti. Ni nyeupe kama maziwa mazito, na haina harufu kali.

Kuna mafundi wanaotumia gundi ya njano ile ya washona viatu. Inashika haraka na inashika kweli, lakini mvuke wake unalewesha na unadaka moto. Nyumba zetu zina jiko la mkaa uani, mshumaa umeme ukikatika, mtu anavuta sigara mlangoni. Sipendi kabisa kuiona ikipakwa chumba kizima. Kipande kidogo ngazini, milango wazi na moto wote umezimwa, hapo sawa.

Inatosha kiasi gani?

Kadiria gramu 300 hadi 400 kwa mita ya mraba, na zaidi kama mgongo una mikwaruzo. Chumba cha futi 12 kwa 14 ni mita za mraba 15.6, kwa hiyo unahitaji kilo 5 na nusu hivi. Ndoo ya kilo 5 itakuachia kona kavu. Maelezo ya kwenye ndoo yakitofautiana na yangu, fuata ya kwenye ndoo.

## Siku ya kazi

Vifaa gani vinahitajika?

Mwiko wenye meno, kisu cha kukatia na wembe wa akiba wa kutosha, rula ndefu ya chuma, futi, uzi wa chaki, kitambaa chenye maji. Meno ya mwiko yawe milimita 2 hadi 3 kwa mgongo bapa na makubwa zaidi kwa mgongo wa katani. Mwiko uliolika meno unapaka gundi pungufu bila wewe kujua. Na wembe: badilisha mara tu unapohisi unavuta nyuzi badala ya kukata.

Kazi yenyewe inakwendaje?

Siku moja kabla, fungua kapeti na ulitandaze kwenye chumba kile kile, saa 24 au zaidi. Limekaa limeviringishwa dukani miezi, linahitaji kulegea na kuzoea joto la chumba.

Likae mahali pake, likipanda ukutani sentimita 5 kila upande. Kunja nusu moja juu ya nusu nyingine, kama unavyokunja shuka. Piga mstari wa chaki pale lilipokunjwa. Paka gundi kuanzia ukutani ukirudi kwenye mstari, mwiko ukiwa umeinama, hadi uone mistari iliyosimama kama shamba lililolimwa matuta.

Sasa ngoja. Hapa ndipo haraka huharibu kazi. Gundi inahitaji muda wa kunata, mara nyingi dakika 10 hadi 20, na siku ya joto kali hufika mapema. Gusa kwa kidole: ikivuta nyuzi nyembamba bila kuhamia yote kidoleni, wakati umefika. Ikiwa bado ni rojo, kapeti litaogelea. Ikiwa imeshafanya ngozi, ikwangue upake upya.

Rudisha kapeti taratibu, usiliangushe, ili hewa isinaswe chini. Chukua lile bomba gumu la karatasi ambalo kapeti lilizungushiwa, ulisukume kwa nguvu kutoka katikati kwenda kuta. Kisha kunja nusu ya pili ufanye vivyo hivyo. Mwisho bana kapeti kwenye kona ya ukuta kwa ncha butu na ukate kufuata rula. Acha ziada kidogo kwanza. Kilichozidi kitakatwa, kilichopungua hakirudi.

Naunga vipi vipande viwili bila kiungo kuonekana?

Pitisha kiganja juu ya kapeti. Upande mmoja linalala na kung'aa, upande wa pili linasimama na kuwa jeusi. Vipande vyote lazima vilale upande mmoja. Mara nyingi mgongoni kuna mishale ya kukusaidia. Ukikosea hapa, hata fundi bora hawezi kukuokoa: chumba kitaonekana kina makapeti mawili.

Kata kingo mbili zikutane bila kupishana na bila kuachana, ukifuata mfereji kati ya safu za nyuzi. Pitisha uzi mwembamba wa gundi kwenye ukingo wa mgongo wa kipande kimoja kabla hujakisogeza kwa mwenzake. Hatua hii huachwa na wengi, na ndiyo inayozuia nyuzi zisifumuke pale.

Tunaanza lini kukanyaga na kuingiza samani?

Miguu mitupu kesho yake. Kabati na kitanda baada ya saa 48. Kuosha kwa maji, subiri siku 30. Kabla ya hapo fagia au fyonza vumbi tu. Mlangoni funga kipande cha alumini juu ya ukingo siku hiyo hiyo, maana hapo ndipo vidole vya miguu vitaanza kulifumua.

## Mambo yakiharibika

Kuna vimbe katikati ya chumba. Nifanye nini?

Kivimbe kimoja au viwili kinaponyeka. Nunua bomba la sindano duka la dawa, vuta gundi iliyolainishwa kidogo, tenganisha nyuzi kwa kidole na uchome katikati ya kivimbe. Sukuma gundi kidogo, bonyeza, futa iliyotoka, kisha weka mbao na ndoo ya maji juu hadi kesho. Alama haitaonekana.

Vimbe vikiwa vingi na vinaongezeka kila wiki, acha sindano. Huo ni unyevu, rudi kwenye kipimo cha nailoni.

Gundi imetokea juu ya nyuzi.

Ikiwa mbichi, futa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, ukibonyeza bila kusugua. Ikishakauka, jaribu thina kidogo sana kwenye kitambaa, kwanza kwenye kipande cha akiba. Usiimwage moja kwa moja: itapenya hadi mgongoni na kuyeyusha kinachoshika nyuzi.

Bomba limepasuka, kapeti limelowa.

Maji safi na umewahi siku hiyo hiyo: nyonya kwa mataulo, fungua kila dirisha, washa feni mfululizo. Inua kona moja uangalie chini. Kona ikiwa kavu, utalinusuru. Maji ya choo au ya mafuriko: liondoke lote, bila huruma.

Mchwa?

Wanapita kwenye nyufa za sakafu na kula mgongo wa katani kimya kimya, wewe unaona nyuzi nzima juu. Bonyeza kando ya kuta kila baada ya miezi michache. Panapobonyea kama mkate, fungua. Dawa ya mchwa ipigwe kabla ya kubandika, na nyufa zizibwe.

## Hali zisizo za kawaida

Mimi ni mpangaji. Nibandike?

Pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, yakisema nani ataliondoa na nani atasafisha gundi. Bila karatasi hiyo, bandika kwa tepu ya pande mbili kingoni tu, au tandika. Nimeona amana ya miezi miwili ikiishia kwenye kukwangua sakafu.

Nataka chumba cha sala chenye kapeti la safu. Naanzia wapi?

Usianzie ukutani. Anzia kwenye kibla. Kwa Dar na Mombasa Makka iko karibu kaskazini kamili, na si bure Kiswahili kikaita kaskazini kibla. Nairobi inaelekea kaskazini, mashariki kidogo. Kuta za nyumba hazikujengwa kwa kufuata hilo. Piga mstari wa kibla katikati ya chumba kwa uzi wa chaki, piga mwingine wa kuukata mraba, na ulaze safu kwenye huo wa pili. Vipande vya pembetatu vitabaki kandokando ya kuta, kwa hiyo nunua kapeti la ziada. Mwite anayeswalisha athibitishe mstari kabla hujafungua ndoo.

Nitalibanduaje miaka ikipita?

Likate vipande vya upana wa sentimita 30 kwa kisu, anza konani, vuta kila ukanda ukiulaza nyuma chini chini badala ya kuuinua juu. Mabaki ya gundi ya maji hulainika kwa maji ya moto na sabuni: mwaga kidogo, funika kwa gunia lililolowa nusu saa, kisha kwangua kwa patasi pana. Sponji iliyobaki hutoka kwa njia hiyo hiyo, ila polepole. Gundi ya njano haisikii maji. Hiyo ni kukwangua kavu, madirisha wazi, sehemu ndogo kila siku. Sakafu ikishatoka safi, iache wazi wiki mbili kabla ya kuweka kitu kingine, na urudie kipimo cha nailoni.